Icelandair ilivyokua katika nchi isiyo na abiria wa kuijaza

Swali la msomaji: Nimesoma kwamba Aisilandi ina watu wasiofika laki nne, lakini shirika lake la ndege linakwenda miji mingi ya Marekani, Kanada na Ulaya na hubeba mamilioni ya abiria kila mwaka. Abiria hao wanatoka wapi? Shirika lilianzaje, na je, ni fedha za serikali zilizolikuza? Nchi nyingine ndogo inaweza kupita njia hiyo hiyo?

Jibu: Nianze na swali lako la kwanza, maana ndilo linalofungua mengine. Mwaka 2024 Icelandair ilibeba abiria takriban milioni 4.7. Wakazi wa Aisilandi ni kama 390,000. Tuseme kila mkazi, hata mtoto mchanga, asafiri nje na kurudi mara mbili kwa mwaka, tena kwa ndege za shirika hilo tu. Tungepata safari milioni 1.56, yaani theluthi moja ya abiria waliobebwa. Wenyeji hawafikii hata theluthi hiyo. Wanaojaza ndege ni makundi mawili mengine: wageni wanaokwenda kuitembelea Aisilandi, na watu wanaovuka Bahari ya Atlantiki kati ya Amerika Kaskazini na Ulaya, ambao hubadilisha ndege hapo katikati. Shirika lililipata kundi la pili mapema, likalipoteza, likalipata tena. Kundi la kwanza lilikuja kwa wingi baadaye sana.

Kuhusu serikali: Icelandair ni shirika la taifa kwa kazi yake kuliko kwa umiliki. Kwa miongo mingi mwenye hisa mkubwa alikuwa kampuni ya meli ya Eimskip, na baada ya mwaka 2010 mifuko ya pensheni ya wafanyakazi ilishika sehemu kubwa. Serikali iliwahi kuwa na sehemu ya hisa, ikaziuza miaka ya 1980. Imejitokeza kusaidia wakati wa dhiki, kama nitakavyoeleza, lakini biashara haikujengwa juu ya ruzuku ya kila mwaka. Hili nalitilia mkazo kwa sababu wengi hudhani kinyume chake.

Mwanzo wake ulikuwa wa safari za ndani. Aisilandi haikuwahi kuwa na reli ya abiria, barabara zilikuwa chache, na barabara kuu inayoizunguka nchi nzima ilikamilika mwaka 1974 tu. Majira ya baridi mji wa kaskazini ungeweza kukatika kabisa na mji mkuu. Ndiyo maana tarehe 3 Juni 1937, katika mji wa Akureyri ulioko kaskazini, ilianzishwa kampuni iliyoitwa Flugfélag Akureyrar. Mmoja wa waasisi wake, na rubani wake wa kwanza, alikuwa Agnar Kofoed-Hansen. Ndege ilikuwa moja, Waco ya abiria wanne, na ilifungwa maboya badala ya magurudumu kwa sababu viwanja vya ndege vilikuwa adimu, ilhali ghuba tulivu zilikuwa kila mahali. Mwaka 1940 kampuni ilihamia Reykjavík na kuitwa Flugfélag Íslands.

Vita Kuu ya Pili iliipa nchi kitu ambacho isingeweza kukijenga yenyewe. Waingereza walioikalia Aisilandi kuanzia Mei 1940 walijenga uwanja wa Reykjavík, na Wamarekani wakajenga uwanja mkubwa zaidi wa Keflavík, uliofunguliwa mwaka 1943. Ukiondoa viwanja hivyo viwili, sura zote zinazofuata haziwezekani. Njia ndefu ya lami ni mtaji mzito mno kwa nchi ambayo wakati huo ilikuwa na watu kama 125,000, na hii ilipatikana bila walipa kodi wake kuigharimia.

Nchi ikawa jamhuri tarehe 17 Juni 1944. Mwaka uliofuata, tarehe 11 Julai 1945, Flugfélag ilifanya safari yake ya kwanza ya nje kwa ndege ya Catalina, kwenda Largs huko Uskoti, ikiwa na abiria wanne. Mwaka 1946 ilianza safari za ratiba kwenda Prestwick na Copenhagen kwa ndege za kukodi, zile Liberator zilizokuwa za kudondosha mabomu wakati wa vita.

Hapo ndipo anapoingia mshindani aliyebadilisha kila kitu. Machi 1944 marubani watatu waliokuwa wamesomea urubani Kanada, Alfreð Elíasson, Kristinn Olsen na Sigurður Ólafsson, walianzisha kampuni ya Loftleiðir wakiwa na ndege ndogo ya Stinson. Walibeba abiria kwenda vijiji vya pwani na hata kutafuta makundi ya samaki aina ya heringi kutoka angani kwa ajili ya wavuvi. Mwaka 1947 walileta ndege ya injini nne aina ya DC-4, na mwaka 1948 wakaanza kuruka kwenda New York. Septemba 1950 ndege yao moja ya DC-4, Geysir, iliyokuwa ikitoka Luxembourg na mizigo, iliangukia barafu ya Vatnajökull. Wafanyakazi wake wote sita walinusurika, wakapatikana baada ya siku kadhaa. Ndege ya jeshi la Marekani iliyotua kuwaokoa ilikwama kwenye theluji na kuachwa. Loftleiðir iliinunua palepale ilipo kwa dola 700, ikaifukua mwaka uliofuata, ikairusha na kuiuza. Fedha hiyo iliiokoa kampuni wakati ambapo benki isingeikopesha.

Mwaka 1952 serikali iligawa njia za ndani, na sehemu nzuri ikaenda kwa Flugfélag. Loftleiðir ikaziacha kabisa safari za ndani. Kwa maoni yangu uamuzi huo, uliofanywa kwa kubanwa, una uzito kuliko wowote mwingine katika historia ya usafiri wa anga wa Aisilandi: kampuni iliyonyang'anywa soko la nyumbani ililazimika kuishi kwa abiria wa nchi za watu.

Iliwezaje? Nauli za kuvuka Atlantiki zilipangwa na mashirika yenyewe ndani ya chama chao cha IATA, na serikali nyingi ziliandika kwenye mikataba yao ya anga kwamba bei hizo ndizo zitakazotumika. Kila shirika liliuza kwa bei ile ile na kushindana kwa chakula na tabasamu. Loftleiðir haikuwa mwanachama. Na mkataba wa anga kati ya Aisilandi na Marekani ulitiwa saini Januari 1945, miezi kadhaa kabla IATA haijaundwa mwezi Aprili, kwa hiyo haukuibana kampuni kuuza kwa bei ya chama. Marekani ingeweza kuubadilisha mkataba huo, lakini ilikuwa na kituo cha kijeshi Keflavík na Aisilandi ilikuwa mwanachama mwasisi wa NATO. Kuigombeza nchi hiyo kwa sababu ya kampuni yenye ndege chache kusingekuwa na faida kwa Washington.

Upande wa Ulaya ulikuwa mgumu zaidi. Nchi za Skandinavia zilikuwa na shirika lao la pamoja, SAS, na zilibana idadi ya safari na bei za Loftleiðir kila zilipopata nafasi. Suluhisho likawa Luxembourg. Nchi hiyo ndogo haikuwa na shirika lililovuka Atlantiki, kwa hiyo haikuwa na wa kumlinda, na ilitaka uwanja wake uwe na shughuli. Safari zilianza Mei 1955. Abiria alinunua tiketi New York, akashuka Reykjavík, akaendelea hadi Luxembourg, kisha akapanda basi kwenda Ujerumani, Ufaransa au Ubelgiji. Miaka ya 1960 ndege hizo zilijaa wanafunzi na vijana wa Kimarekani wenye mifuko ya mgongoni.

Upande wa gharama ulikuwa na mantiki yake. Mashirika makubwa yalipohamia ndege za jeti mwishoni mwa miaka ya 1950, ndege nzuri za panga (propela) zilishuka bei. Loftleiðir ilinunua DC-6B, na kuanzia 1964 ikatumia Canadair CL-44, ambazo baadhi zilirefushwa zikafikia viti 189. Safari ilichukua saa kadhaa zaidi ya jeti, lakini ununuzi ulikuwa nafuu na gharama ikagawanywa kwa viti vingi. Matengenezo makubwa yalifanywa Norwe kwa ushirikiano na shirika la Braathens, kwa sababu kujenga karakana kamili nyumbani kwa ajili ya ndege chache kungekula faida yote. Kampuni pia iliruhusu abiria wakae siku moja au zaidi Aisilandi bila kuongezewa nauli, na mwaka 1966 ikafungua hoteli yake Reykjavík ili fedha ya malazi nayo ibaki ndani. Mpango huo wa kusimama njiani unaendelea hadi leo.

Halafu faida hiyo ikayeyuka, na hapa pana somo kwa yeyote anayejenga biashara juu ya mwanya wa sheria. Ndege pana, zenye njia mbili za kupita kati ya viti, zilishusha gharama za washindani. Bei ya mafuta ilipanda ghafla mwishoni mwa 1973. Kampuni za ndege za kukodi zikauza viti kwa bei ya chini. Septemba 1977 Freddie Laker, Mwingereza mwenye shirika la ndege, alianza kuuza tiketi rahisi kati ya London na New York, na mwaka 1978 Marekani ikafungua soko lake. Kila mtu akaweza kufanya kile ambacho awali Loftleiðir peke yake iliruhusiwa kukifanya, tena kwa safari ya moja kwa moja.

Flugfélag na Loftleiðir zilikuwa zimeshaunganishwa mwaka 1973 chini ya kampuni moja, Flugleiðir, na mwaka 1979 jina la Icelandair likaanza kutumika katika safari za nje. Kuungana kulikuwa kwa lazima kwa sababu kampuni hizo mbili zilishindana katika njia zile zile za Skandinavia huku viti vikibaki wazi. Hata hivyo miaka iliyofuata ilikuwa mibaya. Novemba 1978 ndege yao ya DC-8 iliyokodiwa kurudisha mahujaji wa Indonesia kutoka Jeddah ilianguka ikikaribia kutua Colombo, na watu 183 kati ya 262 wakafariki dunia. Mwaka 1979 walikodi ndege pana ya DC-10, na miezi michache baadaye aina hiyo yote ikazuiwa kuruka kwa wiki kadhaa kufuatia ajali ya shirika jingine huko Chicago. Hasara zilifika mahali ambapo serikali za Aisilandi na Luxembourg zote zililazimika kuingilia kati. DC-10 iliacha fundisho dogo lenye thamani: kwa shirika dogo, ndege moja kubwa ya aina ya pekee ni hatari, kwa sababu ikisimama hakuna nyingine ya kuziba pengo lake.

Kilichojengwa baada ya hapo ndicho kinachobeba shirika hadi sasa, kwa hiyo nitakaa hapo kidogo.

Aprili 1987 jengo jipya la abiria la Leifur Eiríksson lilifunguliwa Keflavík. Kabla ya hapo abiria wa kiraia walipita ndani ya kambi ya jeshi, mahali pasipofaa kubadilishia ndege kwa haraka. Kisha, chini ya uongozi wa Sigurður Helgason mdogo aliyeshika usukani mwaka 1985, shirika liliondoa DC-8 zilizochoka na kuleta Boeing 737-400 kuanzia 1989 na Boeing 757-200 kuanzia 1990. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ndege zake za kimataifa zilikuwa kati ya changa kabisa Ulaya.

Moyo wa mpango ni ratiba ya mawimbi. Asubuhi, kama saa 12 na nusu, ndege zote kutoka Amerika Kaskazini zinatua Keflavík karibu kwa pamoja. Ndani ya saa moja hadi moja na nusu, ndege zile zile zinaondoka kwenda Ulaya. Zinafika huko karibu na mchana, zinageuza, na kurudi Keflavík kati ya saa 9 na saa 10 alasiri. Kama saa 11 jioni zinaondoka kwenda Amerika, zinafika jioni kwa saa za huko kwa sababu zinalikimbiza jua, zinageuza tena, na alfajiri zipo Keflavík. Ndege moja inafanya mzunguko mzima ndani ya saa 24: safari ya Ulaya ni takriban saa tatu kila upande, ya pwani ya mashariki ya Marekani saa tano hadi sita. Jumla inafikia saa 17 hivi angani kwa siku, kiwango ambacho ni kigumu sana kwa ndege nyembamba (yenye njia moja kati ya viti) ya shirika linalofanya safari fupi peke yake. Na marubani na wahudumu wanaokwenda Ulaya asubuhi hurudi kulala nyumbani alasiri, kwa hiyo gharama ya hoteli na posho haipo.

Hesabu ya wimbi ni ya kuzidisha. Ukiwa na miji 12 magharibi na 20 mashariki, unauza jozi 240 za miji kupitia kitovu, yaani uwanja wa Keflavík ambako ndege zote hukutana, na safari 32 za kwenda Aisilandi yenyewe juu yake. Ukiongeza mji mmoja magharibi hujaongeza soko moja, umeongeza 21. Hivyo njia inayoonekana ya hasara ikitazamwa peke yake inaweza kuwa ya faida ikitazamwa ndani ya mtandao. Tahadhari yake ni kwamba meneja anaweza kuitetea njia yoyote mbovu kwa hoja hiyo hiyo, kwa hiyo lazima mapato ya abiria wa kuunganisha yagawanywe kwa haki kati ya vipande viwili vya safari kabla ya kuamua.

Jiografia inasaidia, ila kwa mipaka. Kutoka New York hadi Copenhagen moja kwa moja ni takriban kilomita 6,190. Ukipitia Keflavík ni kilomita 4,165 na 2,145, jumla 6,310: nyongeza ya kilomita 120, asilimia mbili tu. Sasa jaribu Madrid. Moja kwa moja ni kama kilomita 5,770, kupitia Keflavík ni zaidi ya 7,050. Hiyo ni nyongeza ya zaidi ya asilimia 20 ya mafuta, muda na uchovu. Kwa hiyo kitovu hiki kina nguvu kwa Skandinavia, Uingereza, Uholanzi na Ujerumani, na kinadhoofika kadiri unavyoshuka kusini.

Kuigawa Atlantiki vipande viwili kunaleta faida nyingine ambayo watu huisahau. Boeing 757-200 ya Icelandair ilikuwa na viti 183, ilhali mshindani anayevuka moja kwa moja alihitaji ndege pana yenye viti 250 au zaidi. Mji wa wastani hauwezi kujaza ndege pana kila siku kwenda Copenhagen, lakini unaweza kujaza 757 ikiwa abiria wake watatawanyika Keflavík kwenda miji 20. SAS ilipoiacha Seattle mwaka 2009, Icelandair iliingia mwaka huo huo. Denver ilifuata mwaka 2012. Miji ya namna hiyo ndiyo chakula chake.

Haki za kuruka nazo zilipaswa kuwepo. Kumchukua abiria nchi ya kwanza, kumpitisha kwako na kumpeleka nchi ya tatu ndiko wanakokuita uhuru wa sita wa anga, na nchi nyingi huubana kwa kuweka kikomo cha safari. Aisilandi ilijiunga na Eneo la Kiuchumi la Ulaya mwaka 1994, likiwemo soko huria la anga, na mwaka 1995 ikatia saini na Marekani mkataba wa anga huria. Tangu hapo, kuongeza mji au safari kukawa uamuzi wa kibiashara, bila safari ndefu za wanadiplomasia. Luxembourg, iliyokuwa mlango mkuu, ikaachwa mwishoni mwa muongo huo.

Mfumo huu una udhaifu wake, na ni wa kimaumbile. Dhoruba ikifunga Keflavík, mtandao mzima unasimama, kwa sababu kila abiria wa kuunganisha anapita hapo. Ndege moja ikichelewa asubuhi, unachagua: uzishikilie nyingine 20 au uwaache abiria 40 walale hotelini kwa gharama yako. Ndege iliyofungwa kwenye mzunguko wa saa 24 haina pumziko la kufidia, hivyo ucheleweshaji wa Jumatatu unaweza kuonekana hadi Jumatano usipoweka ndege ya akiba. Uwanja wenyewe unajaa kupita kiasi mara mbili kwa siku na kuwa mtupu saa nyingine. Aisilandi haibadilishi saa kati ya kiangazi na baridi, ilhali Ulaya na Marekani hubadilisha, tena kwa tarehe tofauti, kwa hiyo ratiba hupangwa upya mara kadhaa kwa mwaka.

Msimu ni tatizo kubwa kuliko yote hayo. Kiangazi ndege hazitoshi, Januari viti viko wazi. Dawa ya shirika ni mbili: matengenezo mazito hufanywa majira ya baridi katika karakana ya Keflavík, na ndege zinazobaki hukodishwa pamoja na marubani wake kwa wateja wa nje kupitia kampuni tanzu inayolitumia jina la zamani la Loftleiðir. Tena, mapato mengi huja kwa dola na euro, mishahara hulipwa kwa krona, fedha ya Aisilandi. Krona ikipanda thamani, kama ilivyopanda mwaka 2016 na 2017, gharama zinavimba kwa hesabu ya dola bila mauzo kuongezeka hata senti.

Kuanzia 2005 wamiliki waliiacha njia ya usafiri. Kampuni mama ilijiita FL Group, ikawa ya uwekezaji, ikanunua hisa za easyJet, Finnair na kampuni mama ya American Airlines. Icelandair ilitenganishwa na kuuzwa kwenye soko la hisa mwishoni mwa 2006, na nashukuru kwa hilo, kwa sababu FL Group iliporomoka pamoja na benki za Aisilandi mwaka 2008. Krona ilipoteza karibu nusu ya thamani yake. Nchi iliyokuwa ghali mno kwa mtalii ikawa inafikika.

Aprili 2010 volkano ya Eyjafjallajökull ilifunga anga la Ulaya. Siku za mwanzo upepo ulipeleka majivu kusini mashariki, hivyo Keflavík ilibaki wazi. Upepo ulipogeuka, Icelandair ilihamisha kitovu chake kwa muda kwenda Glasgow na kuendesha mawimbi kutoka huko. Uwezo huo wa kuhamisha mtandao mzima ndani ya siku chache unatokana na udogo: aina moja ya ndege, kituo kimoja cha maamuzi. Mlipuko ulioonekana kama pigo uliitangaza nchi dunia nzima. Wageni walikuwa takriban 490,000 mwaka 2010 na milioni 2.3 mwaka 2018.

Wingi huo ulivuta mshindani. WOW air ilianza kuruka mwaka 2012, ikaiga mawimbi yale yale kwa bei ya chini zaidi, ikaongeza ndege kwa kasi hadi kukodi Airbus A330, ndege pana ambazo gharama yake ilihitaji zijae mwaka mzima katika soko la msimu. Mafuta yalipopanda mwaka 2018 ilikosa fedha taslimu. Icelandair ilitangaza Novemba mwaka huo kwamba itainunua, ikajitoa kabla mwezi haujaisha, na tarehe 28 Machi 2019 WOW ikafungwa. Wiki mbili kabla, Boeing 737 MAX zilikuwa zimezuiwa kuruka duniani kote. Icelandair ilikuwa nazo tatu, na ratiba ya kiangazi ilitegemea tisa. Ikapata soko la wageni lililoachwa wazi bila ndege za kutosha za kulihudumia, ikakodi ndege za wengine kwa bei ya juu.

Mwaka 2020 ugonjwa wa korona ulimaliza karibu biashara yote. Shirika liliongezewa mtaji wa krona bilioni 23 kwa kuuza hisa mpya mwezi Septemba, na serikali ikadhamini sehemu kubwa ya mkopo wa akiba wa dola milioni 120. Mkopo huo haukuchukuliwa. Huo ndio msaada wa serikali uliobuniwa vizuri, nadhani: dhamana iliyowapa wawekezaji ujasiri wa kuweka fedha zao wenyewe kwanza.

Sasa swali lako la mwisho. Nchi ndogo inayotaka kufuata njia hii ijipime kwa mambo yanayohesabika. Chukua jozi za miji unazotarajia kuunganisha, pima umbali wa moja kwa moja na wa kupitia kwako. Nyongeza ikizidi asilimia 15 kwa jozi nyingi, utauza kwa bei ya chini milele. Pima kama safari za pande zote mbili zinaingia ndani ya saa 24 kwa ndege ile ile. Kama upande mmoja ni saa tatu na mwingine ni saa tisa, mawimbi hayatafungana na ndege zitalala uwanjani. Hakikisha haki za anga zipo kwa maandishi kabla ya kukodi ndege, kwa sababu kodi ya ndege inaanza kuhesabiwa siku inapofika hata kama kibali hakijafika. Kaa na aina moja ya ndege hadi ufikishe angalau kumi. Weka fedha taslimu za kukuvusha miezi ya msimu mbaya. Na ujenge sababu ya mtu kushuka kwako, maana anayepita tu atakuacha siku mwingine akipunguza dola 30.

Hilo la mwisho linaihusu Icelandair yenyewe kwa sasa. Boeing iliacha kuunda 757 mwaka 2004, na 737 MAX haifiki mbali kama 757, kwa hiyo mwaka 2023 shirika liliafikiana na Airbus kuhusu ndege za A321XLR hadi 25, na Desemba 2024 likapokea A321LR yake ya kwanza. Ndege hizo zinafika miji ya mbali zaidi ya Amerika kwa mafuta machache. Lakini washindani nao wanazinunua, na ndege nyembamba inayoweza kuvuka Atlantiki nzima bila kutua inafuta ile faida ya kuigawa bahari mara mbili: mji wa wastani utaweza kupata safari yake ya moja kwa moja. PLAY, kampuni nyingine ya Reykjavík iliyoanza kuruka mwaka 2021 kwa mfano wa WOW, ilifungwa tarehe 29 Septemba 2025, ikiwa tayari imeshaanza kuachana na abiria wa kuunganisha. Ndani ya takwimu za Icelandair za miaka ijayo, angalia uwiano wa wanaoshuka Aisilandi na wanaopita. Ukiona wanaopita wanapungua huku mapato kwa kila kiti yakipanda, ujue mpango unakwenda sawa.